Msuka Viti wa Cimpunda

Papa Benoît Cirhuza hakuwa mtakatifu. Nasema hivyo mapema kwa sababu kwetu Bukavu kipofu anaruhusiwa kazi mbili tu: awe ombaomba au awe mtakatifu. Papa Benoît alizikataa zote mbili. Alikuwa msuka viti, alipenda kasiksi yake, pombe yetu ya ndizi, siku ya Jumapili, alikuwa na ulimi wa pilipili, na mke wake, mama Adolphine, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, katika soko la Kadutu, alitangaza mbele ya kila mteja kwamba akizaliwa tena ataolewa na bubu.

Mimi naitwa Bibiane. Wakati wa vita vya pili vya Kongo nilikuwa mpiga mashine ya kuandikia katika Ofisi ya Mshikamano, kule Ibanda, ghorofa ya kwanza, dirisha likitazama ziwa. Kazi yetu ilikuwa kuwashughulikia wajane, yatima, vilema na vipofu. Tuliwashughulikia kweli: tuliwahesabu. Kila miezi mitatu tuliwahesabu upya, kana kwamba tulitazamia kukuta baadhi yao wameanza kuona. Papa Benoît nilimjua kwanza kama namba saba kwenye orodha. Kumjua kama mtu kulichukua muda zaidi, na kosa lilikuwa langu.

Alizaliwa katika milima ya Kabare, kwa mkulima wa maharagwe na ndizi. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka minne. Baba yake alipoona mtoto hafai malishoni wala shambani, alimbeba mgongoni mpaka mjini kwa wamisionari wa Kizungu, wale tunaowaita bafrère, waliokuwa na shule ya vipofu. Shule ile ilikuwa na elimu tatu: kusuka viti, kufunga mifagio na kupiga kinanda cha kanisani. Hakuna aliyemuuliza mtoto anataka kuwa nani. Ilijulikana tu kwamba Mungu aliumba vipofu kwa ajili ya viti, mifagio na vinanda. Benoît aliwekwa kwenye kinanda. Baada ya wiki mbili paroko mwenyewe aliomba, kwa jina la Bikira Maria, kijana yule ahamishiwe kwenye viti.

Kwenye viti alijipata. Walisuka kwa kekele, mtambaa wa msituni uliokuja kutoka upande wa Shabunda. Waliuchana nyembamba, wakauloweka majini, kisha wakaupitisha kwenye matundu ya fremu, huku na huku na mshazari, mpaka kikalio kikakaza na kulia ukikigonga kwa kidole. Alipofika miaka kumi na tisa hakuna mwenye macho aliyemshinda. Wabelgiji wa Ibanda walikalia viti vyake, wakinywa kahawa na kuwasikitikia vipofu. Uhuru ulipokuja, Wabelgiji wengi waliondoka na viti vikabaki. Wakubwa wapya walikuwa wazito kuliko wale wa zamani, kwa hiyo kazi haikukosekana.

Baadaye bafrère nao waliondoka. Waliwaachia vipofu nyumba ya karakana, vyumba vitatu na ua, kando ya barabara nzuri ya Ibanda. Waliwaachia kwa mdomo. Frère mkubwa alimshika Benoît mkono, akasema nyumba ni yenu, akapanda gari. Karatasi haikuandikwa, nani angemdai Frère karatasi? Vipofu kumi na mmoja walifanya kazi humo miaka na miaka, wakaoa na kuolewa, wakasomesha watoto, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunyoosha mkono sokoni. Ukitaka kujua nyumba ile ilikuwa nini kwao, ilikuwa hiyo: tofauti kati ya mtu wa kazi na mkono ulionyooshwa.

Usidhani hawakusaidiwa. Siku za Zaire, kila Noeli walikuja watu wema na zawadi zao. Walileta saa kubwa ya ukutani isiyotoa sauti. Walileta kioo cha kunyolea, chaki za rangi, na kalenda zenye picha za milima ya theluji. Vyote vilitundikwa kwa heshima.

"Tulitundika muzuri," Papa Benoît aliniambia. "Mutu mwenye macho akikuya kututembelea, asikose kazi."

Kila asubuhi alitembea kutoka nyumbani kwake Cimpunda mpaka Ibanda bila fimbo na bila kushikwa mkono. Alijua njia kwa mfereji, kwa mteremko, kwa harufu ya mkate na kelele za mafundi wa vyuma. Mwaka 1996, vita vilipokaribia na askari kujaa njiani, mmoja alimsimamisha penye kizuizi akamfokea kwa Kilingala: "Tala ngai!" Yaani amtazame anaposemeshwa.

"Chef," akajibu Papa Benoît, "miye nakusikiliza. Ya kuangalia, uombe mwingine."

Alipigwa kibao kimoja. Alisema kilikuwa kibao cha mtu mwenye njaa, hakikuwa na uzito.

Mwisho wa Oktoba mwaka ule vita viliingia mjini. Askari waliokuwa wakitulinda walikimbia kwanza, na kama ilivyo desturi ya wanaotulinda, walibeba. Karakana ilikuwa na viti kumi na viwili vipya ambavyo havikuwa vya mteja yeyote. Miaka yote wasuka viti wale walikalia masanduku ya sabuni na vigoda vilivyovunjika. Mwaka ule walikubaliana, sasa na sisi tukae. Walijisukia kumi na kimoja, na kimoja cha mgeni. Walivikalia siku tisa. Waporaji walivichukua vyote, pamoja na visu, kekele, saa, kioo na mlango. Kalenda waliziacha.

"Balichukua hata ampoule ya taa," Papa Benoît alinisimulia. "Tatu zote. Nikabahurumia sana. Miye miaka ile yote sikujuaka kama tuko nazo."

Habari ya Déogratias hakuisimulia kwa mzaha. Déogratias alikuwa rafiki yake tangu benchi moja la shule ya bafrère, msuka viti kama yeye, kipofu kama yeye. Watu walipokimbia kuelekea kaskazini, alikimbia nao, amemshika mkono jirani. Karibu na Kavumu risasi zililia na jirani akauachilia ule mkono. Waliopita baadaye walimkuta amelala kando ya barabara, viatu vimekwisha kuvuliwa. Papa Benoît hakukimbia. Alibaki Cimpunda na mama Adolphine chini ya kitanda, na tangu siku ile hakuna aliyemsikia akilitaja jina la jirani yule.

Walirudi kazini. Adèle, mwanamke pekee kati yao, mfupi, mwenye vidole vya chuma, alichukua nafasi ya Déogratias penye mlango, na Placide, mpwa wa Adèle, kipofu pia, akaongezwa ili wawe tena kumi na mmoja. Msitu wa Shabunda ulikuwa umefungwa na vita, kekele haikuja. Basi walifumua magunia ya msaada, wakasokota nyuzi zake, wakasukia viti. Ulimwengu ulituletea unga; vipofu wa Ibanda walikula unga na kuwakalisha watu juu ya gunia.

Mwaka 1998 vita vya pili vilituletea wakubwa wengine, na Ofisi ya Mshikamano ikapata mkurugenzi mpya, Monsieur Patrice. Alikuwa mtu wa suti, marashi na neno moja: formation. Tatizo lolote alilitibu kwa mafunzo. Wajane walifundishwa kuvumilia. Wenye njaa walifundishwa lishe bora. Zamu ya vipofu ilipofika, walikusanywa ukumbini siku tatu, kila mmoja akapewa daftari, kalamu ya wino na fulana yenye maandishi, ili wafundishwe kusuka viti.

Mwalimu wao aliitwa Constantin. Huyu alikuwa kijana mzima wa macho aliyekuwa amekaa karakanani miezi minne akifundishwa na Papa Benoît mwenyewe, kisha akapata cheti mahali fulani. Alibandika ukutani makaratasi makubwa, akachora kiti, akachukua fimbo na kuonyesha.

"Kama munavyoona hapa," akaanza.

Papa Benoît akainua mkono. "Mwalimu, sisi ba huku nyuma hatuone muzuri. Uandike kubwa."

Constantin akaomba radhi, akaandika kubwa zaidi. Nami niliyekuwa nikiandika taarifa niliandika: washiriki waliomba maandishi makubwa. Miezi mitatu baadaye makaratasi mapya yalifika, herufi zake kama kiganja. Nilicheka peke yangu mpaka machozi, halafu nikayaingiza kwenye orodha ya mafanikio.

Sasa nifike kwenye aibu.

Jumatatu moja ya Machi mwaka 2000, Monsieur Patrice aliniita na kunisomea barua niipige. Barua ilisema kwamba nyumba ya karakana haina hati, kwa hiyo ni mali ya umma, na umma sasa unaihitaji. Vipofu wataondoka tarehe mosi Aprili na "kurudishwa katika mazingira ya familia". Umma wenyewe ulikuwa umeketi pale pale kwenye kochi ukinywa chai: alikuwa shemeji yake, aliyetafuta ghala la bia. Barua ingekaa kwenye droo mpaka wiki itakayofuata, kwa sababu Ijumaa ulikuwa ukija ujumbe kutoka Ulaya, watu wanaosaidia vipofu, na ingekuwa vibaya kuwapokea bila vipofu.

Niliipiga nakala nne, bila kosa hata moja. Nilikuwa na watoto watatu na mume mwalimu aliyesahauliwa na serikali mbili mfululizo. Sababu ninazo nyingi, na zote ni za kweli, na bado najiona mdogo ninapozitaja.

Siku ile ile Monsieur Patrice alitutuma mimi na Dany, dereva wa ofisi, tupeleke karakanani viti vya nyumbani kwake, mtaa wa Nguba. Vikalio vilikuwa vimepasuka, naye alitaka wageni wa Ijumaa wakalie kazi ya vipofu. Vilikuwa kumi na viwili. Alivikuta kwenye nyumba aliyoikuta, na aliyemtangulia alivikuta vile vile.

Tulivishusha uani. Papa Benoît aliinuka kwenye sanduku lake la sabuni, akapitisha mkono kwenye mgongo wa kiti cha kwanza, akashuka mpaka chini ya kikalio, akasimama hapo. Akashika cha pili. Cha tatu. Kisha akaita:

"Adèle! Kuya ushike."

Adèle alikuja, akashika, akapiga ukelele kama aliyeungua. "Hii njo yangu! Nilisuka miye!"

"Njo yako. Nani mwingine anavutaka vile mpaka mbao inalia? Na hii ni yangu. Na hii..." Chini ya kile cha nne, mwisho wa kamba ulifungwa vifundo viwili. Wasuka viti wote wa Ibanda walimaliza kwa kifundo kimoja, isipokuwa Déogratias, ambaye hakukiamini kifundo kimoja maishani mwake. "Hii ni ya Déo," akasema.

Tulisimama pale, mimi na Dany, tukitazama miguu yetu.

"Maman Bibiane," akasema Papa Benoît, "hii biti inatoka wapi?"

"Ku nyumba ya Directeur."

"Na ye alibitosha wapi?"

"Alibikuta."

"Aah, njo vile. Biti bya Bukavu binakutwaka tu. Hakuna mwenye alibichukua hata siku moja." Akakisogeza kile cha Déogratias ukutani. "Kuko habari ingine?"

"Hakuna, papa," nikasema.

Walifanya kazi. Njia ya haraka ilikuwa kukata kikalio chote na kuanza upya, lakini Papa Benoît hakukubali kikalio cha Déogratias kikatwe. Alikitibu uzi kwa uzi, akiuingiza mpya kando ya kila wa zamani uliokatika, siku mbili nzima, na machozi yakimtiririka mpaka kwenye kidevu.

"Nalia, Adèle," alisema bila aibu. "Usiwaze ni mafua."

Jumatano nilirudi na vifaa vya sherehe: miwani myeusi kumi na moja na fimbo nyeupe kumi na moja, ili wageni wasipate taabu ya kutambua vipofu ni wepi. Papa Benoît alijaribu fimbo, ikamwingia katikati ya miguu, akajikwaa kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tulipokuwa tukicheka, shemeji wa mkurugenzi aliingia uani bila hodi. Alitembea vyumba vyote kwa hatua ndefu akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka ukutani, kisha akaupiga mlango kwa kiganja na kujiuliza kama kreti zitapita. Mikono ya wote kumi na mmoja ilisimama juu ya kamba.

"Papa, unapima nini?" akauliza Papa Benoît.

"Hapana, naangalia tu. Miye shemeji ya Directeur," akajibu, akaondoka.

Papa Benoît aligeuza uso upande niliokuwa. "Maman Bibiane. Kuko habari?"

"Hakuna, papa."

Alhamisi tulipokuja kuchukua viti aliuliza tena, nami nilijibu tena vile vile, kisha nikamuulizia watoto wake jina kwa jina, kama siku zile mbili za kwanza. Petro mtakatifu angalau alisikia jogoo.

Ijumaa saa nane, bustani ya Monsieur Patrice ilijaa. Wageni wa Ulaya walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja mrefu mwenye nywele nyeupe, na mkalimani wao. Kulikuwa na abbé, yaani padri wa parokia, mwandishi wa redio na chombo chake cha kunasa sauti, majirani, na soda kwa wingi. Wageni na wakubwa waliketi kwenye vile viti kumi na viwili. Vipofu walisimamishwa mstari mmoja juani, kila mmoja na miwani na fimbo.

Mkurugenzi alihutubia nusu saa kwa Kifaransa. Alisema kabla yake vipofu wa mji huu waliishi gizani. Alisema viti tunavyovikalia ni matunda ya mafunzo yake. Wageni waligusa vikalio, wakatikisa vichwa kwa huruma na furaha. Kisha akafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu, aliyezoea kushukuriwa, angeweza kulifanya: akamwita kipofu atoe shukrani, na hakuuliza atashukuru nini.

Papa Benoît alimpa Adèle fimbo yake, akapiga hatua mbili mbele.

"Bazungu, na bamama, na monsieur l'abbé. Miye niko kipofu, siwezi kusema nimeona. Lakini nimeshika. Mwaka wa nonante-six, mwaka wa vita, bezi balituibia biti kumi na mbili, byenye tulijisukia sisi benyewe tukalie. Leo Directeur ameturudishia byote. Alibitafuta, akabichunga ku nyumba yake, hakuna hata kimoja kilipotea. Na ametuita hapa mbele yenu, juu mukuwe bashahidi. Directeur, aksanti."

Vipofu wakainama wote pamoja, wakapiga makofi yale ya kinyumbani ya viganja vilivyokunjwa, taratibu, wakishukuru kwa Kishi, lugha yao: "Koko! Koko!" Na majirani, ambao ni Bashi kama wao, hawakuweza kujizuia, wakapiga pia. Kwetu, kitu kikishapigiwa makofi hivyo kimekwisha kutolewa. Hakirudi. Anayekichukua tena, hata mbwa wake hawamwamkii.

Mkalimani alitafsiri. Mama mwenye nywele nyeupe aliinuka kwenye kiti haraka, kama mtu aliyekalia kofia ya mwenzake, akaanza kupiga makofi naye.

"Na ya pili," akasema Papa Benoît. "Juma hii Directeur alituma shemeji yake apime nyumba yetu, chumba kwa chumba, kusudi atuandikie ile kartasi bafrère balisahau. Tulikuwa batu ba wasiwasi, tukisema kesho bataweza kutufukuza. Sasa nyumba iko yetu, kwa jina yetu. Directeur, batoto betu batakukumbuka."

"Koko! Koko!" Adèle alipiga vigelegele, na wanawake wa Nguba wakampokea. Abbé alifanya ishara ya msalaba kuelekea kwa mkurugenzi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Monsieur Patrice. Kola ya shati lake ilianza kulowa.

Mwandishi wa redio alimsogezea chombo. "Monsieur le Directeur, hii kartasi utabapatia siku gani?"

Monsieur Patrice alitazama chombo, wageni, abbé, makofi. Shemeji yake alikuwa karibu na soda na chupa yake ilikuwa imesimama hewani. Sijawahi kumwona mkubwa akitafuta mlango kwa macho namna ile, katika bustani isiyo na ukuta upande wa ziwa.

"Lundi," akasema. "Jumatatu asubuhi."

Jioni redio ilimtangaza kuwa baba wa vipofu. Nilisikia fahari kwa ajili ya Papa Benoît hata nikalia jikoni kwangu, na mume wangu akaniuliza nani amekufa.

Jumatatu mkurugenzi alinisomea barua mpya kwa sauti ile ile aliyosomea ya kwanza. Nyumba ilitambuliwa kuwa ya chama cha vipofu, wao na watakaowafuata. Alitia sahihi akikwaruza, nami niligonga mihuri mpaka meza ikatikisika. Sikungoja Dany, nilikwenda kwa miguu, bahasha ya vipofu imo mkobani pamoja na nyingine niliyoitoa kwenye droo ili niichane njiani, nisibaki na ushahidi wa ubaya wangu. Nilikosa mahali pa kuichania. Njia nzima kulikuwa na watu.

Karakanani walikuwa wameketi kwenye viti vyao. Wote kumi na mmoja walikuwa wakisuka, migongo imeegemea. Papa Benoît alikuwa kwenye kile cha Déogratias. Aliniambia niketi, nikakalia cha mgeni.

"Soma," akasema.

Nilisoma. Walisikiliza bila kusogeza kidole.

"Soma tena."

Nilisoma tena. Adèle alikuwa akilia kimya kimya, na Placide akamshika goti. Nilikunja karatasi nikampa Papa Benoît, akaupapasa muhuri, akaitia kifuani ndani ya shati.

"Aksanti, maman. Sasa soma ile ya kwanza."

"Ya kwanza gani, papa?"

"Ile ulikuwa nayo juma lililopita."

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia.

"Ni weye," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira, na ningependa ingekuwa nayo. "Ulikuya hapa mara tatu. Mara tatu uliuliza batoto bangu bako namna gani, jina kwa jina. Siku zingine hukuniulizaka. Nikasema, huyu maman iko na kitu kizito, na hanipatie. Yule wa kupima alinipatia kipande. Kipande kingine ulikuwa nacho weye."

"Niliogopa, papa."

"Najua. Na sisi tuliogopa. Tofauti ni kusema sisi hatukujua tunaogopa nini." Akanyoosha mkono, akaushika mkono wangu uliokuwa juu ya mkoba. "Makartasi itakuya ingine. Huyu akienda atakuya mwingine, na sisi hatuwezi kusoma. Macho unayo. Tutakupatia kazi: kila Jumamosi, siku ya posho, ukuye hapa, ututolee yote kwa mudomo. Soma, wenzangu basikie."

Nikafungua bahasha ya pili. Nilisoma tarehe, nilisoma mali ya umma, nilisoma mazingira ya familia, nikisimama penye kila nukta, na hakuna aliyenisaidia. Nilisoma jina la mkurugenzi na cheo chake. Nikaanza kuikunja.

"Imeisha?" akauliza Papa Benoît.

"Kumebaki herufi mbili chini, pembeni."

"Soma na hizo."

Nikazisoma. Ni zile za jina lake ambazo mpiga mashine huziweka chini ya kila barua.

"Ni za nani?" akauliza Adèle.

"Ni zangu," nikasema.